Ishirini ya Nyota na Mapasa ya Berthe

Siku ya posho, 6 Juillet 1957

Leo balitulipa ku beach, bandari ya mabato penye nafanya kazi, na franga mpya, zile za aluminium. Mama eh! Capita, mukubwa ya kazi, aliniwekea ya kwanza mu mukono, na mimi nikabaki na mukono wazi. Akaniuliza: Eugène, unangoja nini? Nikasema: nangoja franga. Kumbe iko tayari ndani! Haina uzito hata kidogo. Kama kipande ya sahani. Batu bote ya beach banakasirika, banasema bazungu balishakatakata masufuria yabo ya zamani juu ya kutulipa. Mimi peke yangu nilicheka paka machozi ikashuka. Niliibusu. Famille yangu ilizaa mutoto mpya!

Bon. Niandike vizuri vile ubao yangu ya kupanga franga iko, juu siku moya kichwa itachoka. Niliifunika na kipande ya pagne ya Philomène, muke yangu (bado hajui). Mbele kabisa zinakaa zile za nikeli, tundu katikati na nyota, za wakati papa yangu alikuwa kijana. Kisha ya mungazi, ule muti ya mafuta. Kisha ya simba. Kisha ya wakati wa vita, shaba ya manjano, tembo anatembea, na pembe sita kama nati ya mashini. Kisha tembo ya mviringo. Na leo, mwisho ya mulongo, katoto ka aluminium.

Batu bakubwa banatafuta feza, ile nyeupe ya kweli, ya mufalme mwenye ndevu. Babu yangu aliishika. Lakini feza ilikimbia kitambo! Ingine ilirudi Ulaya, ingine iko chini ya vitanda ya bazee, inaogopa jua. Ile ilikuja kusimama pa nafasi yake — nikeli, shaba, vyuma vya bure — njo ilikaa na sisi. Njo tulioa nayo. Njo tulilipa kodi nayo. Papa yangu tulimuzika na moya mu mufuko ya shati. Na nani anazikusanya? Mimi. Peke yangu mu Kisangani. Na mu Kongo. Pengine paka Bruxelles.

Mangaribi, ku bar, nilibaeleza vile nilijaribu aluminium ku muto. Niliilaza juu ya maji polepole — haikuzama! Ikaenda, ikapita beach, ikapita mabato, ikateremuka paka Yanonge. Shemeki yangu akaiokota kule, akanirudishia na bato ya kupanda. Batu balianguka na kicheko. (Ilielea kweli. Mu beseni. Maji ni maji.)

Hubert alikuwa pale. Huyu Hubert tulikaa naye banc moya ku mission. Yeye aliendelea, sasa ni karani ya biro, anavaa kravati, nafikiri hata mu kuoga. Mimi niliacha mu mwaka ya ine sababu mwalimu aliona naanza kumupita. Bon. Hubert akaweka glasi chini, akauliza na Kifaransa kidogo: donc, balikulipa leo midi, saa sita, na tayari ilifika Yanonge na ilirudi? Bato gani hiyo, Eugène? Iko na mabawa?

Batu bakacheka tena, lakini sasa balinicheka mimi. Haikunipendeza. Hubert akaendelea: mutu muzima, nywele nyeupe, anakusanya vipande ya sufuria!

Alors, kinywa yangu ikatoka mbio kunipita. Nikasimama juu ya kiti. Nikasema: siku ya Assomption, 15 Août, ku kermesse, sikukuu ya soko ya mission, nitaleta famille yote, kutoka ile ya kwanza iliikamata nafasi ya feza paka hii ya leo, bila kukosa hata moya! Hubert: na ikikosa? Mimi: ikikosa hata moya, mwaka muzima sitasema hadithi mbele ya batu! Nitakaa chini na nitasikiliza zako!

Batu bakapiga makofi sana. Sana kupita vile ningependa.

Hadithi za Hubert! Zote ni juu ya mihuri ya biro. Na ikitimia, yeye atabeba ubao yangu ku kichwa, atazunguka nayo mu mitaa yote ya cité, akiimba jina yangu. Tulishikana mukono. Niko na furaha. Nitashinda.

Siku ya Mungu, 7 Juillet

Kisha misa Père alinipa meza! Meza ya kweli, kati ya mikate ya Masoeur na tombola. Nilimwambia labda moya haitatosha. Akasema ni moya.

Hubert alikuwa nyuma yangu kama kivuli. Mbele ya batu bote, mbele ya chorale, akauliza sauti ya tamu: na ishirini ya nyota, uko nayo? Ile kubwa ya tundu, ya sentimes ishirini?

Nikajibu palepale: iko! Iko ku nyumba, inapumzika.

Haiko.

Niko na tano ya nyota. Niko na kumi ya nyota. Ishirini — niliionaga mu mukono ya papa, mara moya, nikiwa mutoto, kubwa kama jicho ya ngombe. Tangu pale, hapana. Lakini Hubert alijuaje? Mutu mwenye kravati anajua paka penye mwenzake iko na kidonda.

Si kitu. Assomption iko mbali. Na kama kuna mutu mu Kisangani anaweza kuvumbua ishirini ya nyota, njo mimi.

Siku ya pili, 9 Juillet

Nilienda ku maporomoko kwa papa Kasongo, muvuvi. Wazo yangu ya akili sana! Bavuvi bale bazee, wakati franga ya tundu ilikufa ku soko, balizifunga chini ya nyavu ya kutupa. Risasi ni bei, franga mufu ni bure. Tundu iko tayari, unapitisha kamba tu.

Papa Kasongo alitandika nyavu yake juu ya jiwe. Eh! Niliona nyota zinaangaza pembeni yote ya nyavu, mbingu nzima iko chini inanuka samaki! Nilipiga magoti. Nikapima moya-moya na vidole. Tano. Tano. Kumi. Tano. Maji iliziramba paka zimekuwa nyembamba kama hostia.

Nikauliza: papa, na ishirini? Papa Kasongo alicheka na meno yake ile inabaki. Anasema: ile kubwa? Banamuke balizikamata kitambo, mutoto yangu. Kubwa haifai kwa samaki. Inafaa kwa kiuno ya mutoto muchanga, mu kamba ya shanga, juu ya kumulinda.

Banamuke! Sikufikiri kule.

Mu kurudi niliruka mu maji, juu ya kuonyesha vijana vile tulikuwa tunaogelea zamani. Papa Kasongo atasema niliteleza. Atasema na ile vidole vyake viwili vya kuonyesha miguu inaenda juu. Niliruka. Samaki moya kubwa ilinikamata ku suruali, nikaibeba paka nje. Kisha ikaenda zake.

Siku ya tano, 12 Juillet

Siku ine naangalia viuno ya batoto mu cité. Kazi ngumu. Nikiona mama na mutoto, naanza kwanza na salamu, nasifu mutoto, namupapasa kidogo tumboni... shanga, shanga, kifungo ya shati, jino ya kintu, shanga. Hakuna nyota.

Leo ku soko mama moya aliniuliza sauti ya juu: weye papa, unatafuta nini mu kiuno ya mutoto yangu, ulipoteza kule kintu? Banamuke bote ya kuuzisha majani ya pondu balisimama. Nilitaka kueleza juu ya nikeli na historia. Mwiko ilinifikia ku sikio mbele ya historia.

Philomène alishapata habari mbele nifike ku nyumba. Alinipakia mafuta ku sikio. Kisha: papa Clémence (ananiita vile juu ya binti yetu), wacha basi, kaa kimya mwaka moya, ni pumziko kwa bote. Akacheka peke yake paka mbele ya moto.

Siku ya Mungu, 14 Juillet

NILIIPATA!!!

Herufi zinacheza. Niandike polepole.

Berthe, mutoto ya marehemu dada yangu, alizaa mapasa, bawili siku moya, mwanaume na mwanamuke. René na Colette. Leo njo balibatoa inje mara ya kwanza, kule rive gauche, ngambo ya muto, kwa bwana yake Urbain. Mimi ni tonton, mujomba yake, donc nilikaa kiti ya mbele. Tulivuka na bac, bato ya kuvusha batu, Philomène na pagne yake nzuri (aliuliza kipande ingine iko wapi; nilimuonyesha ndege).

Ngoma, majani ku shingo, malofu mingi ya kunywa! Nyimbo za mapasa zilianza, zile za matusi, zenye siku ingine Père angezizima na maji ya baraka. Lakini kwa mapasa ni ruhusa, ni lazima hata. Na kila mutu mwenye anaona mapasa anaweka mu sahani mbili-mbili. Huwezi kumupa René kintu na Colette hapana. Sawa-sawa. La sivyo ule alikosa atakasirika, ataacha kunyonya, na mapasa bakikasirika banaweza kurudi kule balitoka. Kila mutoto anajua. Mimi najua kupita bote, niliona mapasa wengi, hata niliona mara moya ku Yahuma mapasa ya chui.

Bon. Berthe akanipa René nimubebe. Nikamuinua juu kama tonton anafanya. Pagne ikaanguka. Na pale, mu kiuno, kati ya shanga nyekundu — nyota! Tundu! Na namba! ISHIRINI!

Nililia. Batu balifikiri nalia juu ya mutoto, balisema tonton Eugène ana moyo laini. Bon, ni kweli pia.

Colette naye iko na yake, sawa na ile. Ni mama Odile, mama ya Urbain, alibafunga. Zilitoka ku kamba ya bibi yake mwenyewe.

Nikamuvuta Berthe pembeni. Nilimueleza yote, kermesse, Hubert, mwaka ya kukaa kimya. Berthe alicheka, akasema: tonton weye! Kamata, lakini fanya vizuri, unajua vile mapasa bako. Nikasema: Berthe, unamwambia nani?

Na nilifanya vizuri! Nilitoa mu mufuko tembo mbili za shaba, ndugu na ndugu, mpya, zinawaka kama jua. Moya kwa René, moya kwa Colette. Sawa-sawa! Nani mwingine angefikiri vile, mu furaha ile yote? Kisha nikafungua polepole ishirini ya René, nikaiweka mu soksi. Ya Colette nikaacha. Kwa ubao inahitaji moya tu. Mimi si mutu ya choyo.

Mu bac, Philomène aliniuliza: kwa nini unatembea na muguu moya? Nikasema: ni utajiri, mama. Ni utajiri.

Siku ya kwanza, 15 Juillet

Iko mu ubao. Naiangalia. Nilienda kazi, nilirudi mbio kuiangalia. Inakaa mbele ya bote kama papa ku meza.

Siku ya tatu, 17 Juillet

Ku bar nilimupita Hubert nikipiga mluzi. Hakuuliza kintu. Nikapita tena, mluzi juu zaidi. Akasema: Eugène, uko mugonjwa? Nikasema: kichwa yako iko imara, Hubert? Shingo? Ubao yangu ni nzito! Batu balianza kumufundisha wimbo yenye jina yangu. Siku nzuri sana. Nilieleza tena ya samaki na suruali. Sasa samaki ilikuwa na masharubu.

Siku ya tano, 19 Juillet

Urbain alivuka muto asubui, akanikuta ku beach katikati ya kazi. Hakukaa. Hakukunywa maji. Akasema: tonton, René hanyonyi. Analia tangu jua itoke paka jua iingie. Colette ananyonya, anacheka, ananenepa. Mama Odile anasema ni weye.

Mimi! Nikamwambia: Urbain, nilibapatia bote tembo! Sawa-sawa! Macho yako si iliona?

Urbain aliangalia chini, mutu ya heshima. Anasema: mama anasema hivi, tonton. Ulipatia bawili, lakini ulikamata kwa moya.

Nilibaki na gunia mu mugongo kama mujinga.

Siku ya posho, 20 Juillet

Nilifikiria mingi. Philomène anasema labda ni joto tu, ao meno inakuja. Njo nikasema: haya, umesikia, ni meno! Akanijibu: na kama si meno? Kisha akaenda kutwanga pondu. Anatwanga kwa nguvu sana, hii mwanamuke.

Njia iko. Nitavuka, nitakamata na ya Colette pia! Mbili kwa mbili. Donc sawa-sawa. Na mimi nitabaki na mbili.

Akili yangu hii siku moya itaniua.

Siku ya Mungu, 21 Juillet

Mu mji fanfare inapiga ngoma na tarumbeta, ni sikukuu ya Babeleji. Mimi nilivuka bila kuisikiliza. Ishirini mu soksi, juu wakati mwingine soksi inaleta bahati.

Nilimukuta mama Odile mbele ya nyumba, mikono ku kiuno. Ile mwanamuke! Nilisemaga mimi njo sauti kubwa ya Kisangani, lakini kati yetu sasa najua iko ya pili. Alianza, akiniita bokilo juu ya ndoa ya Berthe na Urbain: haa, bokilo! Muzee ya ndevu nyeupe, anavua mutoto ku kiuno! Hukuona kuku ya kuiba? Hukuona nguo ku kamba? Majirani balitoka na viti.

Nilimueleza wazo yangu ya kukamata na ya Colette. Mama Odile alishusha mikono. Nilifikiri nilimushinda. Kisha akasema polepole, na hiyo njo ilinipiga: hizi mbili bibi yangu alizivaa, akanifunga nazo mimi na ndugu yangu. Mimi nilikuwa pasa, bokilo. Ndugu yangu alirudi kule tulitoka. Unataka nikupatie zote mbili juu ya ubao?

Sikujua. Sikujua kama yeye ni pasa mwenye alibaki.

Ndani René analia, sauti ilishakauka. Berthe alikuwa na macho nyekundu, hakunilaumu hata neno moya, ni ile mubaya zaidi. Nikatoa ishirini mu soksi. Nikaiangalia. Nyota, tundu, namba. Nilifikiri juu ya Hubert na mihuri yake, mwaka muzima, jioni na jioni, mimi nikikaa chini kama mutu ya kukatwa ulimi. Kinywa yangu njo kintu moya tu Mungu alinipa kwa wingi.

Niliifunga. Vidole vyangu vinene, kamba nyembamba, René anapiga miguu. Mama Odile hakunisaidia, aliangalia tu kama nafunga vizuri. Tembo nilimuachia. Colette pia. Sawa-sawa kabisa sasa.

René alinyonya. Alinyonya kama pompe ya bato! Batu balipiga kelele, mimi niliruka, nilicheza, nilimukamata mama Odile tukazunguka naye. Malofu ikatoka.

Mu bac ya kurudi njo nilikumbuka ubao.

Siku ya ine, 1 Août

Nafasi yake iko wazi mu ubao. Mviringo ya pagne tu.

Leo ku beach niliokota rondelle, kibati ya kukaza nati. Tundu katikati, rangi kama nikeli! Nilichonga juu yake nyota na musumari. Nyota ilitoka kama kaa iliyokanyagwa. Niliiweka mu ubao, nikarudi nyuma, nikafunga jicho moya. Haikuwa mbaya.

Philomène alipita na beseni. Hakusimama hata. Akasema: papa Clémence, hiyo ni ya baisikeli ya nani?

Niliitupa.

Siku ya Mungu, 4 Août

Hubert ananisalimia sasa na heshima mingi. Anasema anatayarisha hadithi. Anasema iko na sehemu.

Siku ya Mungu, 11 Août

Wazo! Wazo ya kupita zote!

Nilivuka kuona mapasa, mbili-mbili mu mukono kama mutu ya akili. René mafuta, Colette mafuta. Nilikaa karibu na mama Odile, kichwa chini. Akaniuliza: bokilo, leo hutuletei uwongo? Hata kadogo? Nikamwambia hadithi ziko zinakufa mu mwili yangu, kermesse ni siku ya ine. Nikamueleza Hubert. Kravati. Mihuri. Sehemu.

Mama Odile alitema mate pembeni. Anasema: huyu karani anataka kuona ishirini? Aone. Franga haiendi ku meza. Benye nayo banaenda ku meza!

Nilipiga makofi.

Bon, nilikuwa karibu kulisema mimi mwenyewe. Ilikuwa ku ncha ya ulimi. Tulisema karibu pamoja, yeye mbele kidogo.

Mapasa bote bawili, juu ya meza yangu, mu kiuno nyota na nyota! Si moya, mbili! Berthe anacheka sana, Urbain anaogopa Père. Mama Odile anasema Père alishabatiza bale batoto, donc bako batu yake. Atakuja na ngoma. Nikasema ngoma pengine hapana. Atakuja na ngoma.

Siku ya tatu, 14 Août

Philomène aliona pagne. Nilimwambia ni kwa sifa ya jina yake, bote ya Kisangani bataiona. Alikata kipande ingine, sawa na ile, kwa kulazia mapasa. Ile mwanamuke! Nilioa vizuri, mimi. Aliniambia nisiimbe mu misa kesho, nitunze sauti.

Siku ya ine, 15 Août, Assomption

Naandika hapa hapa ku meza, mu kermesse, na penseli. Nilitoa hii kaye yangu ya kuandika, nijifanye nahesabu vintu. Nikiinua uso nitacheka, na mama Odile ataniua.

Niandike mbio vile ilikuja. Tulipanga ubao. Nafasi ya ishirini wazi, niliiacha wazi kabisa. Mbele yake mapasa juu ya pagne, uchi na shanga, bananyonya vidole. Mama Odile pembeni kama gendarme ya zamu. Ngoma chini ya meza. Père alikuja, akaangalia, akafungua kinywa, akaona mama Odile, akaenda kununua mukate ya Masoeur.

Na batu! Nilisahau kintu moya, mimi mujinga wa furaha: kila mutu mwenye anaona mapasa anatoa mbili. Kermesse nzima ilipita mbele ya meza! Aluminium mbili, tembo mbili. Mama moya alirudi ku nyumba mbio, akaleta mungazi mbili za zamani zilikuwa zinafungwa mu kitambaa ya mama yake. Papa Kasongo alikuja na tano ya nyota mbili, zinanuka samaki, akakata ku nyavu yake! Sahani inalia kama mvua ku mabati. Tombola iko bila mutu.

Kisha Hubert. Kravati mpya, bandugu ya biro nyuma yake. Aliangalia ubao, aliona nafasi, akapiga kelele paka ku mulango ya kanisa: INAKOSA!

Bote bakageuka kuniangalia.

Nikasema: haikosi. Iko pale, na iko mbili. Inama usome.

Hubert akainama ku kiuno ya René. Mukono ya mama Odile ikashuka: karani! Unaangalia mapasa na mikono mitupu? Weye ulizaliwa na nani?

Batu: oooh!

Hubert akacheka kidogo, ile kicheko ya biro. Anasema: mama, sikukuja mitupu. Nilikuja kuonyesha Kisangani kintu ya kweli, baone tofauti na hizi sufuria. Akatoa kitambaa. Akafungua.

Feza.

Feza ya kweli. Kubwa, nyeupe, mufalme na ndevu zake zote. Niandike ukweli: nilitaka kuigusa. Babu yangu alishika hiyo. Batu balisogea, hata Masoeur balisogea. Hubert, mbele ya bote, akanyosha mukono kwa René, kifua mbele: bon, naitoa kwa mapasa!

Mama Odile hakuipokea. Alimukamata Hubert ku mukono, pale pale juu ya mutoto, na akauliza: na ya Colette?

Hubert: mama, hii ni feza! Inapita sahani nzima!

Mama Odile: sikuuliza inapita nini. Nauliza ya Colette.

Hubert alitafuta mufuko hii, mufuko ile, na mukono moya juu ingine imekamatwa. Rafiki yake akamupatia aluminium. Mama Odile akaisukuma: sawa-sawa! Sura moya, uzito moya! Alors Hubert akataka kurudisha feza mu kitambaa. Batu bakapiga kelele: ulishamunyoshea René! Ukirudisha, umemunyanganya! Banamuke balianza nyimbo, zile za matusi, na sasa ndani yake iko kravati.

Akauliza batu: nani iko na ingine kama hii? Tafazali! Ya ndevu! Moya tu!

Nani atakuwa nayo? Ilikimbia kitambo. Mu Kisangani yote labda iko hiyo peke yake, na iko pale juu ya tumbo ya René, na René anaitazama kama anataka kuikojolea.

Namba hawezi kuisoma bila kutoa. Kutoa hawezi bila ya pili. Jasho inashuka ku kravati. Alianza kuangalia sahani, mungazi na mungazi, tembo na tembo. Kisha ubao. Kisha mufuko yangu, juu anajua, bote banajua, niko kila mara na tembo za pembe sita, mbili-mbili.

Sasa anasema. Polepole, bila Kifaransa: Eugène. Ndugu yangu. Banc moya ku mission, Eugène. Nisaidie mbili za kutoa pa nafasi ya feza. Yoyote.

Mama Odile bado anamushika. Ngoma inapiga. Philomène ananikanyaga muguu chini ya meza, sijui anataka nimusaidie ao nimuache.

Nimemwambia: ngoja kidogo, Hubert, namaliza kuandika.

Naandika polepole sana.